Damu ya Yaya kwenye Kigae Cheupe

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, aliuza samaki wa moshi sokoni Kisangani, na kwa sauti hakuna aliyemshinda. Mteja akipita mbele ya meza yake bila kusimama, alifuatwa na maneno mpaka ageuke, na akishageuka alikuwa ameshacheka, na aliyecheka hununua. Kwa hiyo siku meza ile ilipokuwa kimya watu hawakuuliza yuko wapi. Walimwuliza mama tu: "Safari hii ni miguu ao ni kifua?"

Alizaliwa na selimundu. Kwetu tunaita drepano, au tunasema "mutu huyu iko SS," kana kwamba herufi hizo ni jina la ukoo wake. Mimi nilimfuata kuzaliwa, nikapata nusu ya jambo hilo: naweza kumpa mtoto wangu, lakini mwenyewe siugui. Papa, aliyekuwa fundi cherehani, alitutoka tungali wadogo, tukabaki watatu katika nyumba aliyoijenga babu karibu na msikiti: mama, yaya, na mimi ambaye yaya aliniita leki, mdogo wake, hata nilipomzidi urefu.

Kazi yangu ya utotoni ilikuwa miguu yake. Mama alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakamua, nami nikasugua kuanzia gotini kushuka chini. Yaya aliniongoza: "Hapo. Hapana, chini kidogo. Njo hapo," yaani ndipo hapo hasa. Maumivu yakizidi, maelekezo yalikoma. Yeye aliyeweza kumwita mtu kutoka upande wa pili wa soko alinyamaza kabisa, macho yakiwa darini, na kidevu kikimtetemeka. Nilichukia ule ukimya kuliko kilio chochote. Niliendelea kusugua bila kujua kama ninasaidia au ninaumiza.

Samaki wake ndio walionisomesha. Nilipoingia chuo kikuu watu walisema nimechagua biolojia kwa ajili yake, nami niliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba orodha ya kemia ilikuwa imejaa. Lakini mwaka wa pili prof wetu, mwanamke mfupi aliyefundisha akitembea kati ya viti, alituambia jambo lililonifanya niweke bic, kalamu yangu, chini.

"Mnachora seli kama puto," alisema. "Duara, laini, uchi. Bon. Futeni. Seli iko na manyoya. Ngozi yake yote imeota manyoya ya sukari. Seli haina macho, haina masikio. Inapapasa. Seli moja ikikutana na ingine, inapapasa zile sukari, njo inajua: huyu ni wa kwetu, nishikane naye, huyu ni mugeni, nimwache. Inajua hata saa ya kukua na saa ya kuacha kukua. Mukiharibu sukari zile, seli inapotea njia."

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama ni sukari ile ya chai. Prof akasema ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini hawakai nyumba moja.

Nilipofika mwaka wa kuandika mémoire, yaani kazi ya mwisho ya kupata shahada, ni yeye aliyenipa somo. Dereva wa lori alikuwa amemletea mbegu kutoka msitu wa Bafwasende, mbegu nyeusi zinazong'aa kama mgongo wa mende. Wenyeji wa kule hawazili mpaka wazichemshe na kumwaga maji mara kadhaa, maana zinaumiza tumbo. Prof alitaka kujua zina nini. Alishuku kwamba ndani yake mna protini zenye tabia ya kushika sukari za seli. Protini moja ina mikono zaidi ya mmoja, akasema, kwa hiyo inashika seli hii kwa mkono huu na seli ile kwa mkono mwingine, na seli zilizokuwa zikielea peke yake zinaganda pamoja.

Nilizisaga mbegu, nikazilowesha katika maji ya chumvi, nikachuja. Kisha nikadondosha maji yale kwenye kigae cheupe chenye vishimo, nikaongeza tone la damu na kutikisa polepole. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Damu ilikuwa laini kama rangi. Nilipotazama tena ilikuwa imekatika vipande vipande, kama maziwa yaliyochacha. Prof aliinama, akatazama, akapiga makofi mara moja kwa nguvu. Nilifurahi kiasi kwamba siku hiyo nilimpa dereva wa toleka soda yangu, na baiskeli yake ilitupeleka nyumbani tukiimba wote wawili.

Jaribio la pili halikufika mbali. Prof alinieleza kwamba mbegu za namna hii, zikishika sukari za seli nyeupe za damu, huweza kuziamsha. Seli iliyokuwa imelala huanza kukua na kugawanyika, ingawa hakuna ugonjwa uliokuja. Nilitamani sana kuliona hilo. Tulizitenga seli nyeupe, tukaziweka katika kabati la joto, tukaanza kusubiri. Umeme ukakatika. Ukarudi, ukakatika tena. Tulizunguka kabati lile na mablanketi na chupa za maji ya moto kama wakunga wa mtoto njiti, lakini nilipofungua nilikuta seli zimekufa, zimezama chini kama vumbi. Tulijaribu tena, mambo yakawa yale yale. Prof akafunga kabati.

"Donc, tutaandika ile tumeona," akasema. "Ile hatukuona, tutaiacha."

Nilikuwa nasimulia mambo haya nyumbani wakati wa kula, na yaya alikuwa akisikiliza huku akichambua miiba. Siku moja alisema, "Na damu yangu? Kila mutu umeomba damu, mimi hauombe."

"Yako ni kidogo, yaya. Iache mahali iko."

"Tone moja tu. Nataka kuiona inafanya nini."

Alikuja maabara siku iliyofuata, mchana, amevaa kikwembe chake cha sikukuu. Alimsalimia prof kama mteja mkubwa, akakaa kwenye kiti kirefu na kunyoosha kidole mwenyewe. Damu yake ilikuwa nyepesi, karibu ya waridi. Nikaiosha, nikaiweka kwenye kigae, nikadondosha maji ya mbegu na kutikisa. Ikakatika vipande.

Aliinama akakitazama kigae kwa karibu. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Njo vile inafanyaka ndani yangu? Siku ile naumwa?"

"Si vile kabisa," nilisema. Nikajitahidi kueleza. Nilimwambia kwamba ndani yake hakuna mbegu. Chembe zake nyekundu zinapokosa hewa hupinda kama mundu na kuwa ngumu. Kuta za mishipa zinapokasirika huota mikono midogo, na mikono hiyo hukamata sukari zilizo juu ya seli nyeupe na kuzizuia njiani. Zile zilizopinda hujazana nyuma yake, nyingine hunata kwenye ukuta wenyewe, mpaka njia inafungwa. Mahali palipofungwa ndipo panapouma.

"Donc ni kushikana."

"Ndiyo. Ni kushikana."

"Na ya kuachanisha? Haina?"

Ilikuwa sehemu ya kazi yangu, jaribio ambalo lazima lifanyike. Ukitaka kujua mbegu inashika sukari gani, unaipa sukari hiyo bure, ikiwa imeyeyushwa katika maji. Mikono yake ikijaa, inaziachia seli. Kwa mbegu zangu sukari yenyewe ilikuwa glukozi, ile ile ya chupa za hospitali. Nilidondosha tone kwenye damu ya yaya, nikatikisa kigae kwa muda. Vile vipande vikaanza kulegea. Vikawa chembechembe, kisha uji, kisha damu ikarudi kuwa laini na kutembea kwenye kishimo kama kawaida.

Yaya alishika ukingo wa meza. "Kumbe ni sukari tu," alisema.

"Hapa ni sukari, kwa sababu ya zile mbegu. Mwilini mwako ni mikono mingine, inataka sukari zingine. Na glukozi ukiinywa, mwili unaichoma tu kama kuni. Yaya, unanisikia?"

"Nasikia," alisema, lakini alikuwa bado anatazama kigae.

Wiki hiyo mama alianza kununua sukari. Mama hakuwa mtu wa kupenda vitu vitamu. Sasa chai ya yaya ilikorogwa mpaka kijiko kinasimama, uji wake ukatiwa sukari, na mlangoni pakawa na miwa iliyoegemezwa ukutani. Nilirudi kutoka chuoni nikamkuta yaya akitafuna muwa sokoni katikati ya wateja, akiwaeleza kwa sauti yake ile kubwa kwamba leki wake, mwanasayansi, ameiona damu ikifunguka kwa macho yake mwenyewe, "na mimi pia nimeona, sikuambiwa na mutu!"

Niliongea na mama peke yake. Nilichora kwenye karatasi. Nikamwambia kwamba kumnywesha yaya sukari ili damu isishikane ni kama kumwaga ndoo ya maji hapa Kisangani ili mtu wa Bafwasende anawe mikono. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Wewe uliona damu ikifunguka, ao hukuona?" akauliza.

"Niliona, mama, lakini…"

"Basi."

Nikaenda kwa prof nimtake aje nyumbani aongee nao, maana yeye ni mtu mzima na wangemheshimu. Alikuja kweli, akakalishwa kwenye kiti cha papa, akapewa lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki. Alieleza vizuri kuliko mimi. Alisema kwamba ng'ambo kuna watu wanaotafuta dawa za kuizuia mikono ile ya mishipani, ambazo si sukari ya kunywa, na kwamba hapa kwetu hajaziona. Mama alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akaandaa chai ya yaya kama jana yake. Sikuwa na la kufanya. Na yaya katika majuma yale hakuumwa hata kidogo, jambo ambalo liliwahi kutokea mara nyingi huko nyuma bila sukari yoyote. Lakini nani angenisikia nikisema hivyo? Mimi mwenyewe, nikimwona anavyocheka, kuna asubuhi nilikoroga chai ile kwa mkono wangu.

Maumivu yalirudi siku ya soko, jua likiwa limeshapanda. Alikuwa anapanga samaki mezani, akakaa chini ghafla kwenye matope. Wanawake wa meza za jirani walimwekea kikwembe, wakamfunga mgongoni kwa mwenye pikipiki, na mmoja wao akakaa nyuma kumshikilia. Nilipofika hospitali alikuwa ameshalazwa. Alikuwa kimya. Safari hii ilikuwa nyonga na kifua kwa pamoja, na kope zake kwa ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, alisema, "Anahitaji damu. Damu yenyewe iko chini sana. Benki haina ya group yake. Mulete mutu wa O."

Nilikunja mkono wa nguo. "Mimi ni B," nilisema, "lakini mpime tena."

"Kama ni B ni B, dada."

Nilijua. Nani alijua kuliko mimi? Nilikuwa nimeandika kurasa nzima juu ya jambo hilo. Mtu wa O na mtu wa B wana manyoya ya sukari yaliyo sawa kwenye chembe zao nyekundu, isipokuwa kwenye ncha: huyu wa B ameongezewa sukari moja. Moja tu. Na damu ya mtu wa O, ikiiona sukari hiyo, huishambulia na kugandisha kila chembe inayoibeba, kama mbegu zangu zilivyofanya kwenye kigae, ila sasa ingekuwa ndani ya mtu. Mama naye ni B kama mimi. Tulikuwa wawili wenye damu ya kutosha, aliyemzaa na wa tumbo moja naye, tumesimama kando ya kitanda, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumpa kikombe.

Nilipiga simu kwa kila mtu niliyemkumbuka. Wanafunzi wenzangu walikuwa wametawanyika, wengine hawakujua damu yao ni ya namna gani, wengine walitoa sababu nusu kisha wakakata. Hatimaye niliitafuta namba ya mtu aliyemwuzia yaya samaki, mvuvi wa kule kwenye maporomoko, mzee kidogo, Mkristo wa kusali kila Jumapili, ambaye yaya alikuwa akigombana naye kila asubuhi juu ya ukubwa wa samaki. Sikutarajia kitu. Alikuja na kaptula bado mbichi kwa maji ya mto.

"Yeye njo ananitukanaka kila siku," alimwambia muuguzi aliyekuwa akimpima. "Akikufa, nani atanitukana?"

Alikuwa O. Nilikimbia kumwita daktari.

Damu ikaingia polepole. Maumivu hayakuondoka nayo. Serum, yaani dripu, ya glukozi ilikuwa imening'inia upande wa pili wa kitanda kwa sababu alikuwa hali wala hanywi, na mama aliitazama ile chupa kwa macho ambayo sikuweza kuyavumilia. "Umeona?" aliniambia. "Na wao pia wanamupa." Kisha akatoa kikombe mfukoni, akakoroga sukari katika maji, akaanza kumtilia yaya mdomoni kwa kijiko. Maji mengi yalimwagika shingoni. Yaya alimeza machache, macho yake yakanitafuta. Alikuwa ananiuliza, najua alikuwa ananiuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nimeifungua damu yake kwenye kigae.

Nilichukua kitambaa nikamfuta shingo. Mama akajaza kijiko kingine, nami nikamwinua yaya kichwa ili asipaliwe.

Hakufa. Kifua kiliachia kwanza, kisha homa ikashuka. Lakini nyonga haikurudi. Daktari alituonyesha picha: kichwa cha mfupa kilikuwa kimekosa damu muda mrefu mno, kikaanza kuporomoka. Alisema kuna upasuaji wa kuweka nyonga ya chuma, katika miji mingine. Alisema hivyo kwa upole, akiangalia ukutani, kama mtu anayetaja habari za nchi nyingine.

Sukari iliisha nyumbani, na mama hakununua nyingine zaidi ya ile ya kawaida. Ningependa kusema nilifarijika, lakini nilipoona miwa imetupwa nyuma ya choo nililia. Yaya alikuwa ameishi majuma kadhaa akiamini kwamba ugonjwa wake una mlango na kwamba ufunguo uko dukani, kwa kila mtu. Sikuwa na kitu cha kuweka mahali pale.

Nilitetea mémoire yangu mwisho wa mwaka ule. Yaya alikuja akitembea kwa mkongojo, akakaa benchi la nyuma na mama. Mmoja wa maprofesa waliokuwa wakinihoji aliniuliza kazi hii ina faida gani kwa watu wa mkoa wetu. Nilikuwa nimetayarisha jibu, lakini nilipofungua mdomo nilimwona yaya akiwa amenyoosha shingo kunisikiliza, nikasahau kila kitu. Nikasema kwamba inatusaidia kuona jinsi seli zinavyoshikana. Akauliza, "Na baada ya kuona?" Nikasema sijui. Prof wangu aliinamisha uso kwenye karatasi zake. Walinipa alama nzuri, watu wakapiga makofi, na aliyepiga vigelegele mpaka ukumbi mzima ukageuka alikuwa yaya.

Sasa nafundisha biolojia katika shule ya sekondari. Meza ya samaki imeshikwa na mama, ambaye hajui kubembeleza wateja, na yaya huiendesha kwa simu kutoka kwenye kiti chake uani, akigombana na mvuvi wake kwa sauti ile ile. Nilipata kusoma mengi zaidi juu ya sukari za seli tangu siku zile. Mengine huwa nayaelewa vizuri sana.

Mwezi uliopita alishikwa tena, mabega na mgongo. Tulimpeleka asubuhi, na alirudi nyumbani akiwa mwembamba lakini amerudi. Kule hospitali nilikaa kando yake tukingojea dawa ya maumivu, ambayo muuguzi alikuwa ameenda kuitafuta wodi nyingine. Nilimsugua bega, akatikisa kichwa. Nikampepea kwa shuka, akatikisa kichwa. Nikaanza kumweleza, sijui kwa nini, kinachotokea ndani ya mishipa yake wakati ule.

"Leki," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu alfajiri. "Si mambo ya seli. Niambie kitu ingine."

Nikamwambia juu ya mwalimu mwenzangu wa jiografia, ambaye alifungua mwavuli darasani kwa sababu paa linavuja na akaendelea kufundisha jangwa. Yaya alifumba macho. Mkono wake ulikuwa umeshika chuma cha kitanda mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nilipofika mwisho wa habari nikanyamaza, nikidhani amelala.

"Halafu?" akasema.

Hakukuwa na halafu. Nikabuni. Nikasema mvua ilizidi, mwavuli ukapinduka, wanafunzi wakahama na madawati yao upande wa pili, mwalimu akawafuata na ramani kichwani. Muuguzi hakuwa amerudi bado, nami niliendelea kusimulia.